Vitamini C katika utunzaji wa ngozi (Handeni na Korogwe)

Vitamini C katika utunzaji wa ngozi ni matumizi ya vitamini C (jina la kikemia: asidi askobiki) kwa kuila katika chakula au kuipaka juu ya ngozi. Lengo lake ni kuisaidia ngozi ijenge kolajeni, ijikinge na madhara ya jua na kupunguza madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi au majeraha.

Makala hii inaeleza matumizi hayo kwa kuzingatia mazingira ya wilaya za Handeni na Korogwe katika Mkoa wa Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania. Huko machungwa hulimwa kwa wingi, jua ni kali mwaka mzima, na watu wengi hufanya kazi zao nje.

Faida za vitamini C kwa ngozi ni za kweli, ila zina mipaka. Matunda yanafaa kuliwa, si kupakwa usoni. Seramu ya vitamini C ni nyongeza tu, na haichukui nafasi ya kofia, kivuli au mafuta ya kukinga jua. Tena vitamini C haibadilishi rangi ya asili ya mtu. Bidhaa inayoahidi hivyo kwa siku chache mara nyingi ina kitu kingine ndani yake.

Mazingira

Handeni na Korogwe ziko karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita juu kabisa ya kichwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na hata katika miezi mingine halishuki sana wakati wa mchana. Miale ya urujuanimno (UV), ambayo haionekani kwa macho, huwa mikali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Mawingu mepesi hayaizuii yote.

Wakazi wengi wa Handeni ni Wazigua, na Korogwe wako Wazigua, Wasambaa na Wabondei pamoja na watu waliotoka sehemu nyingine za nchi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Mkulima wa mahindi na muhogo, mkata mkonge, dereva wa bodaboda na mwuza matunda wa kando ya barabara wote hukaa juani kwa saa nyingi.

Machungwa ya eneo hili huuzwa kando ya barabara kuu ya Chalinze, hasa maeneo ya Mkata, Kabuku na Segera, ambako barabara hiyo inakutana na ile ya Tanga kwenda Moshi. Mengi huwa na ganda la kijani hata yakiwa yameiva. Hali hiyo hutokana na usiku wa joto: ganda la chungwa hugeuka rangi ya machungwa pale usiku unapokuwa na baridi. Rangi ya ganda haionyeshi kiasi cha vitamini C kilichomo.

Historia

Ugonjwa unaotokana na ukosefu wa vitamini C huitwa kiseyeye. Dalili zake nyingi huonekana kwenye ngozi na fizi: fizi huvimba na kutoka damu, vidoa vya damu hutokea kuzunguka vinyweleo, nywele za mwilini hujikunja, vidonda havifungi na makovu ya zamani yanaweza kufunguka upya. Kwa karne nyingi kiseyeye kiliua mabaharia waliokaa miezi baharini bila matunda wala mboga mbichi.

Pwani ya Tanga ina nafasi yake katika historia hiyo. Mnamo Aprili 1498 msafara wa Wareno ulioongozwa na Vasco da Gama ulipita hapo, na meli moja iliyoitwa São Rafael ilikwama kwenye fungu la bahari. Kumbukumbu za safari hiyo zinataja wenyeji waliofika kwa mashua wakiwa na machungwa, ambayo Wareno waliyaona kuwa bora kuliko ya kwao. Zinataja pia milima mirefu iliyoonekana upande wa bara. Wanahistoria huitambua kuwa ni Milima ya Usambara, ileile inayoinuka juu ya mji wa Korogwe.

Msafara uliporudi kutoka Uhindi mnamo Januari 1499, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye. Walipofika Malindi waliagiza machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Siku chache baadaye waliichoma moto São Rafael karibu na mahali palepale ilipokuwa imekwama, kwa kuwa watu waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu.

Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind kutoka Uskoti aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye katika jozi, kila jozi ikipewa tiba tofauti. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka zaidi. Kemikali yenyewe ilitengwa mwaka 1928 na Mhungaria Albert Szent-Györgyi, aliyepata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1937. Mwaka huohuo Mwingereza Norman Haworth alipata Tuzo ya Nobel ya kemia, pamoja na mambo mengine kwa kueleza muundo wake. Jina "askobiki" lina maana ya "isiyo na kiseyeye".

Matumizi ya kupaka yalipata msingi wa kisayansi baadaye sana, hasa kutokana na kazi ya Sheldon Pinnell na wenzake katika Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani. Mwaka 2001 walionyesha, kwa majaribio kwenye ngozi ya nguruwe, masharti yanayohitajika ili asidi askobiki ipenye ngozi.

Kazi ya vitamini C katika ngozi

Wanyama wengi hutengeneza vitamini C wenyewe mwilini. Binadamu hawezi, kwa sababu jeni la kimeng'enya kinachohitajika limeharibika. Ni lazima aipate kutoka nje. Katika ngozi vitamini hii hufanya kazi kuu tatu.

Kujenga kolajeni. Kolajeni ni protini yenye umbo la nyuzi inayoipa ngozi uimara. Ndiyo sehemu kubwa ya dermisi, yaani tabaka la ndani la ngozi. Nyuzi za kolajeni husukwa tatutatu kama kamba ya katani. Vimeng'enya vinavyozifanya zishikane vina madini ya chuma ndani yake, na vitamini C huyaweka madini hayo katika hali ya kufaa kwa kazi. Bila vitamini C nyuzi hutengenezwa zikiwa dhaifu. Ndiyo maana vidonda vya mgonjwa wa kiseyeye havifungi.

Kuzuia madhara ya jua. Miale ya UV inapogonga ngozi huzalisha chembe ziitwazo radikali huru, ambazo hushambulia mafuta, protini na DNA za seli. Vitamini C ni antioksidanti: huzipa chembe hizo elektroni na kuzituliza kabla hazijaleta madhara. Katika kazi hiyo yenyewe hutumika na kwisha, kwa hiyo ngozi iliyokaa sana juani huwa na akiba ndogo zaidi. Vitamini C hushirikiana na vitamini E, kwani huirudisha katika hali ya kufanya kazi tena.

Kupunguza melanini inayozidi. Melanini ni kemikali inayoipa ngozi rangi yake na kuikinga na jua. Hutengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya tairosinezi, chenye madini ya shaba. Vitamini C hupunguza kasi ya kimeng'enya hicho. Athari yake ni ya wastani. Inaweza kufifisha doa lililotokana na chunusi, lakini haiondoi rangi ambayo mtu alizaliwa nayo.

Ngozi nyeusi ina kinga kubwa kuliko nyeupe. Vipimo vimeonyesha kwamba tabaka la nje la ngozi nyeusi hukinga kiasi kinacholingana na SPF 13 hivi, ilhali la ngozi nyeupe ni karibu 3. Hata hivyo ngozi nyeusi ina shida yake: kila inapoumia, kwa chunusi, mwasho, kuungua au kukwaruzwa, huelekea kuacha doa jeusi linaloweza kudumu miezi. Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki doa hilo ndilo tatizo kubwa la urembo, kuliko mikunjo.

Vitamini C kutoka katika chakula

Njia ya kwanza ya vitamini C kufika kwenye ngozi ni damu. Seli za ngozi zina milango maalumu inayoivuta vitamini hiyo kutoka kwenye damu, hasa katika tabaka la nje, ambalo huwa na kiasi kikubwa kuliko dermisi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima. Mapendekezo ya Marekani ni miligramu 90 kwa mwanamume na 75 kwa mwanamke, na mvutaji wa sigara huongezewa 35. Chungwa moja la ukubwa wa kati lina takriban miligramu 70.

Kiasi cha vitamini C katika gramu 100 za vyakula vinavyopatikana katika eneo hili ni takriban kama ifuatavyo:

- Pera: miligramu 228
- Unga wa ubuyu: miligramu 150 hadi 500, kutegemea mbuyu wenyewe
- Papai: miligramu 60
- Chungwa: miligramu 53
- Limau: miligramu 53
- Nanasi: miligramu 48
- Mchicha mbichi: miligramu 43
- Embe: miligramu 36
- Ndimu: miligramu 29
- Nyanya: miligramu 14

Orodha hiyo inaonyesha kwamba chungwa, pamoja na sifa zake, limeachwa mbali na pera na ubuyu. Mapera huota hata yasipopandwa, na watoto hula bila kununua.

Vitamini C huyeyuka katika maji na huharibiwa na joto pamoja na hewa. Kisamvu kibichi kina vitamini C nyingi, lakini kikishatwangwa katika kinu na kuchemshwa kwa muda mrefu hubaki na kidogo tu. Kuchemsha huko si kosa: ndiko kunakoondoa sumu ya sianidi iliyomo katika majani ya muhogo. Njia nzuri ni kula kisamvu kilichoiva vizuri na kuongeza kachumbari ya nyanya au tunda baada ya chakula. Hali ni hiyohiyo kwa ubuyu. Juisi ya unga wa ubuyu iliyokorogwa kwa maji baridi huhifadhi vitamini C kuliko ubuyu wa rangi uliopikwa na sukari.

Mtu anayekula tunda moja au mawili kila siku hana haja ya vidonge kwa ajili ya ngozi. Mtu akila miligramu 200 hadi 400 kwa siku, damu huwa imejaa na ziada hutoka katika mkojo. Dozi zaidi ya miligramu 2,000 kwa siku zinaweza kuleta kuhara, na kwa baadhi ya watu huongeza hatari ya mawe katika figo.

Vitamini C ya kupaka

Njia ya pili ni kupaka. Ngozi yenye afya imeumbwa kuzuia vitu visiingie, kwa hiyo si kila kitu chenye vitamini C kinachopakwa hupenya. Bidhaa inayotumika zaidi ni seramu, yaani kimiminika chepesi cha matone kinachopakwa kabla ya losheni.

Utafiti wa mwaka 2001 uliotajwa hapo juu ulionyesha mambo matatu. Kwanza, asidi askobiki hupenya vizuri pale kipimo cha pH cha seramu kinapokuwa chini ya 3.5. Pili, kiasi kinachopenya huongezeka hadi kiwango cha asilimia 20, na kuzidisha hapo hakuongezi faida. Tatu, vitamini C iliyokwisha kuingia hudumu katika ngozi, na nusu yake huwa bado ipo baada ya siku 4 hivi. Mwaka 2005 kundi hilohilo lilionyesha kwamba mchanganyiko wa vitamini C asilimia 15, vitamini E asilimia 1 na asidi feruliki asilimia 0.5 ulizidisha kinga dhidi ya miale ya jua mara mbili, kutoka mara 4 hivi hadi mara 8, ukilinganishwa na mchanganyiko usio na asidi feruliki.

Kwa kuwa asidi askobiki huharibika upesi, viwanda hutumia pia aina zilizobadilishwa, kama vile magnesi askobili fosfati, sodi askobili fosfati na askobili glukosidi. Hizi hukaa muda mrefu zaidi na haziwashi sana, lakini ushahidi wa nguvu zake katika ngozi ya binadamu ni mdogo kuliko ule wa asidi askobiki yenyewe.

Ushahidi kwa binadamu upo, ingawa tafiti nyingi ni ndogo na chache zimefanywa kwa watu wenye ngozi nyeusi. Utafiti uliotolewa nchini Ufaransa mwaka 2003 ulitumia krimu ya asilimia 5 kwa miezi 6 na kuona nafuu katika ngozi iliyozeeshwa na jua. Utafiti mwingine, wa Meksiko mwaka 2004, uliwahusu wanawake 16 wenye melasma, yaani mabaka meusi ya usoni. Kwa wiki 16 kila mmoja alipaka asidi askobiki ya asilimia 5 upande mmoja wa uso na haidrokwinoni ya asilimia 4 upande wa pili. Matokeo mazuri yalionekana kwa asilimia 62.5 upande wa vitamini C na asilimia 93 upande wa haidrokwinoni. Lakini mwasho na madhara mengine yaliwapata asilimia 6.2 tu upande wa vitamini C, dhidi ya asilimia 68.7 upande wa pili. Kwa ufupi, vitamini C ni ya polepole na dhaifu zaidi, lakini ni mpole kwa ngozi.

Namna ya kutumia na kuhifadhi

Utaratibu unaoshauriwa kwa kawaida ni huu:

1. Kuosha uso kwa maji na sabuni isiyo kali, kisha kuukausha bila kuusugua.
2. Kupaka matone machache ya seramu, asubuhi, mara moja kwa siku. Anayeanza huchagua kiwango cha chini, asilimia 5 hadi 10, tena siku moja moja kwa kuruka.
3. Kupaka losheni au mafuta ya kawaida ya ngozi.
4. Kumalizia na mafuta ya kukinga jua, kofia pana au mtandio.

Kabla ya kupaka usoni kwa mara ya kwanza ni vizuri kujaribu tone moja ndani ya kiwiko kwa siku mbili au tatu. Mchomo mdogo unaopita haraka ni wa kawaida. Wekundu, uvimbe au mwasho unaodumu ni ishara ya kuacha, kwa sababu mwasho wenyewe unaweza kuacha doa jeusi, yaani kuleta kile ambacho mtu alitaka kukiondoa. Matokeo huhesabiwa kwa miezi: kwa kawaida mtu asitegemee kuona tofauti kabla ya wiki 8 hadi 12.

Joto la Korogwe na Handeni linahitaji uangalifu katika kuhifadhi. Mwanga, hewa na joto hugeuza asidi askobiki kuwa kemikali nyingine zisizo na faida ileile. Seramu nzuri huwa haina rangi au ina unjano hafifu. Ikigeuka rangi ya chai imeharibika na haifai. Chupa inapaswa kuwa ya kioo cheusi au cha kahawia, ifungwe mara baada ya kutumiwa, na ikae mahali pa giza na ubaridi. Asiye na jokofu anaweza kuiweka ndani ya kabati, mbali na dirisha na mbali na paa la bati. Seramu iliyoanikwa juani kwenye meza ya mnadani inaweza kuwa imeharibika kabla haijanunuliwa.

Kusaga vidonge vya kutafuna vya vitamini C na kuvichanganya na losheni hakuna faida inayojulikana. Vidonge hivyo huwa na sukari, rangi na ladha, na pH ya mchanganyiko huo haijulikani.

Kupaka ndimu, limau au ganda la chungwa

Katika sehemu nyingi za Tanzania baadhi ya watu hupaka maji ya ndimu au limau usoni ili kuondoa chunusi na madoa. Desturi hiyo inaeleweka, kwa kuwa matunda hayo yana vitamini C na ni rahisi kupata. Lakini ina hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni ukali. Maji ya ndimu na limau yana pH ya takriban 2 hadi 2.5, na asidi iliyomo zaidi ni ya sitriki, si askobiki. Yanaweza kuunguza ngozi bila kuipa vitamini C ya kutosha.

Hatari ya pili ni jua. Ndimu, hasa ganda lake, ina kemikali ziitwazo furokumarini. Kemikali hizo zikibaki kwenye ngozi na kupigwa na miale ya UV huleta mchomo unaofanana na wa moto. Mara nyingi hauonekani siku hiyohiyo, bali baada ya siku moja au mbili: ngozi huwa nyekundu au huvimba malengelenge, kisha hubaki doa jeusi kwa wiki au miezi. Kwa sababu ya kuchelewa huko mtu huenda asijue kwamba chanzo ni ndimu. Aliyepaka ndimu asubuhi akaenda shambani kupalilia yumo hatarini zaidi kuliko aliyebaki ndani. Anayekamua ndimu kwa kazi ya chakula anashauriwa kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka juani.

Tofauti na kujichubua

Neno "vitamini C" huonekana pia kwenye makopo ya krimu za kujichubua. Krimu hizo huuzwa zenyewe au kuchanganywa kuwa mkorogo, na baadhi zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu na inaweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba, ioteshe vinyweleo na kupata michirizi. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza kuleta weusi wa samawati usiotibika kwa urahisi.

Tanzania ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, na viambato hivyo vimo katika orodha ya vilivyopigwa marufuku katika vipodozi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, unalenga kuondoa vipodozi vyenye zebaki duniani kote.

Mnunuzi anaweza kujikinga kwa kuangalia mambo machache: kama kopo lina orodha ya viambato, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho ya matumizi, kama limeahidi weupe kwa siku chache, na kama limefunguliwa na kugawanywa katika vikopo visivyo na maandishi. Vitamini C halisi haileti weupe kwa wiki moja. Krimu inayofanya hivyo ina kitu kingine.

Hatari kubwa zaidi ni sindano na dripu za "kung'arisha" zenye glutathioni pamoja na dozi kubwa za vitamini C. Usalama wake kwa kusudi hilo haujathibitishwa. Kwa watu wa eneo hili ipo sababu ya pekee ya kujihadhari. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao mtu huzaliwa nao, hupatikana zaidi mahali palipokuwa na malaria kwa vizazi vingi, na ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki ni mojawapo. Mtu mwenye upungufu huo akipewa dozi kubwa ya vitamini C kwenye mshipa, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka kwa wingi, na anaweza kufa. Wengi hawajui kuwa wanao upungufu huo. Chungwa, pera au seramu ya kupaka hazileti hatari hiyo kwa matumizi ya kawaida.

Watu wenye ualbino

Watu wenye ualbino wana melanini kidogo sana au hawana kabisa. Nchini Tanzania hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400. Kwao jua huleta hatari ya saratani ya ngozi tangu ujanani. Vitamini C, iwe ya kula au ya kupaka, haiwezi kuziba pengo la melanini na isichukuliwe kuwa kinga.

Kinga yao ni nguo za mikono mirefu, kofia pana, miwani, kivuli, na mafuta ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi. Mafuta ya aina hiyo, yaitwayo Kilisun, hutengenezwa mjini Moshi katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi (RDTC) kilichoko Hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kidonda kisichopona katika wiki chache kinapaswa kuonwa na mganga mapema.

Wakati wa kumwona mganga

Si kila doa linahitaji vitamini C. Baka jeupe au jekundu lisilo na hisia linaweza kuwa dalili ya ukoma. Mabaka yenye magamba na mwasho mara nyingi ni fangasi. Alama inayobadilika umbo, kukua au kutoka damu inahitaji uchunguzi, hata kama iko kwenye unyayo au chini ya ukucha, sehemu ambazo saratani ya melanoma hujificha kwa watu weusi. Katika hali hizo mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, na akihitajika hupelekwa hospitali ya wilaya, kama Magunga mjini Korogwe, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo jijini Tanga.

Kupaka seramu juu ya ugonjwa usiojulikana kunaweza kuchelewesha tiba kwa miezi. Ukoma hutibika kabisa kwa dawa, na dawa hizo hutolewa bure. Lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa kwa sababu ya kuchelewa hairudi.

Tazama pia

- Kiseyeye
- Kolajeni
- Melanini
- Mchungwa
- Mbuyu
- Ualbino
- Mkoa wa Tanga